Gari Lisilo na Dereva: Usalama wa Rola Kosta

Muhula huu, katika somo la fizikia, mwalimu wetu alichukua ndoo iliyojaa maji nusu, akatoka nayo uwanjani, akaizungusha kwa mkono wake kutoka chini mpaka juu ya kichwa na kuirudisha chini tena. Maji hayakumwagika. Kisha akatueleza ya kuwa ziko nchi ambako watu hulipa fedha ili wawe kama maji yale. Huketi katika gari dogo la reli, wakapandishwa juu sana, wakaachiliwa, wakapinduliwa vichwa chini miguu juu, kisha wakarudishwa chini salama. Chombo hicho huitwa rola kosta, nacho kipo katika viwanja vikubwa vya burudani huko Ulaya, Marekani, Japani na kwingineko.

Usiku ule bwenini palikuwa na ubishi mkubwa. Wengine walisema kwamba kupanda chombo kama hicho ni kumjaribu Mungu, na kwamba wanaokufa humo wamejitakia. Wengine walisema hapana hatari yo yote, ni kelele tu za wapandaji. Mimi niliona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikisema bila kujua, ndipo nikaenda maktaba kutafuta habari. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika kwa ajili ya wenzangu ambao, kama mimi, hawajapata kukiona chombo hicho kwa macho yao.

Asili yake ni ya zamani. Huko Urusi watu walikuwa wakijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji wakati wa baridi kali mpaka yakaganda kuwa barafu, kisha wakateleza juu yake. Mwaka 1884 Mmarekani mmoja, LaMarcus Thompson, alifungua reli ya mchezo pale Coney Island, New York. Nauli ilikuwa senti 5, na mwendo wake ulikuwa maili 6 tu kwa saa, yaani karibu kilometa 10. Mtu mwenye baiskeli angeweza kuipita. Lakini watu waliipenda sana, na tangu hapo watengenezaji wakawa wakishindana kujenga reli ndefu zaidi, za juu zaidi na za kasi zaidi.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba treni hiyo haina injini. Hukokotwa na mnyororo mrefu unaozungushwa na mota ya umeme mpaka kilele cha mlima wa kwanza, na hapo mnyororo huiacha. Tangu hapo mpaka mwisho wa safari haina nguvu nyingine ila ile iliyoipata kwa kupandishwa. Ndiyo sababu mlima wa kwanza kwa kawaida huwa mrefu kuliko ile inayofuata, kwa maana njiani nguvu hupotea kidogo kidogo kwa ajili ya msuguano na upepo. Siku hizi ziko nyingine zinazosukumwa kwa sumaku za umeme badala ya mnyororo, lakini kanuni ni ile ile: hupewa nguvu, kisha huachiliwa.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme mlima una kimo cha meta 20. Tukizidisha 2 kwa 9.8 kwa 20 tunapata 392, na kipeuo chake cha pili ni karibu 19.8. Basi, tukiacha msuguano, treni ikifika chini huwa na mwendo wa meta 19.8 kwa sekunde, yaani karibu kilometa 71 kwa saa. Huo ni mwendo wa basi kwenye barabara ya lami, nayo ni milima midogo. Iko milima ya kimo mara tano ya huo.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Basi lina dereva. Akiona ng'ombe barabarani hukanyaga breki. Akiona kona kali hupunguza mwendo. Rola kosta haina dereva. Abiria hawana usukani wala breki, na mtu aliye stesheni hana uwezo wa kuigeuza. Kwa hiyo usalama wote sharti uwe umekwisha kuwekwa kabla treni haijaondoka. Neno hili ndilo ufunguo wa habari yote, na mambo mengine nitakayoyaeleza yanatoka humo.

Tuanze na magurudumu. Gari la moshi la kawaida lina magurudumu yanayokaa juu ya reli tu. Rola kosta ingekuwa hivyo, ingeruka nje ya reli katika kilele cha kwanza. Mwaka 1919 Mmarekani John Miller aliandikisha uvumbuzi wake wa magurudumu yanayokaa chini ya reli. Siku hizi magari mengi yana magurudumu ya namna tatu pamoja: ya juu ya reli yanayobeba uzito, ya ubavuni yanayozuia gari lisiyumbe, na ya chini yanayolizuia lisiruke. Reli imekamatwa kama mtu akamatavyo mpini wa jembe kwa vidole na kidole gumba. Basi hata gari likiwa kichwa chini haliwezi kuanguka, maadamu magurudumu hayo yamefungwa sawasawa.

La pili ni mlima wa kwanza wenyewe. Wapandaji wengi husema kwamba wakati wa kupanda husikia mlio wa ka-ka-ka chini ya viti vyao, na mlio huo huwatia hofu. Kwa kweli ungepaswa kuwatuliza. Katikati ya reli kuna meno ya chuma kama ya msumeno, na chini ya gari umening'inia ulimi wa chuma. Kila gari linapopanda, ulimi huangukia jino moja baada ya jino jingine. Mnyororo ukikatika, ulimi huo hushika jino na gari hubaki pale pale, lisirudi nyuma.

Kazi ya kifaa hicho twaweza kuiona katika msiba wa London. Katika bustani ya Battersea palikuwa na rola kosta ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1951, jina lake Big Dipper. Tarehe 30 Mei, 1972, treni iliyojaa watu ilikuwa ikivutwa juu kwa kamba ya chuma. Treni ikaachana na kamba ile, na kifaa cha kuizuia isirudi nyuma hakikuizuia. Ikarudi kinyumenyume kwa kasi mpaka kwenye kona, na huko magari yakaacha njia. Watoto watano walikufa na watu 13 walijeruhiwa. Kamba kuachana na treni ni ajali ambayo watengenezaji waliitazamia, ndiyo maana waliweka kinga. Lakini kinga isiyofanya kazi siku ya haja ni sawa na hakuna.

La tatu ni mviringo, yaani pale gari linapopinduka kabisa. Hapa turudi kwenye ndoo ya mwalimu. Maji hayakumwagika kwa kuwa mwendo wa ndoo uliyasukumia kwenye kitako chake. Vivyo hivyo mwendo wa gari humsukumia abiria kwenye kiti. Lakini mwili wa mtu si maji. Una shingo na mgongo. Mwaka 1895 huko Coney Island ilijengwa rola kosta yenye mviringo kamili kama sahani, nayo iliitwa Flip Flap. Watu walishuka wakilalamika maumivu ya shingo, na mwaka 1902 ilifungwa.

Kosa lilikuwa nini? Hesabu hutuonyesha kwamba gari likipita mviringo kamili kwa mwendo ule mdogo kabisa unaolitosha kufika juu, basi pale chini, linapoanza kupanda, abiria huhisi uzito wake mara sita. Mvulana wa kilo 50 huwa kama ana kilo 300, na kichwa chake, ambacho shingo hukibeba bila taabu kila siku, huwa kama mzigo wa mpagazi. Likienda kwa kasi zaidi, mzigo huzidi. Dawa ilipatikana kwa kubadili umbo. Mwaka 1976, katika uwanja wa Magic Mountain, California, ilifunguliwa rola kosta ambayo mviringo wake haukuwa wa sahani bali wa tone la maji, mpana chini na mwembamba juu. Kazi hiyo ilifanywa na Mjerumani, injinia Werner Stengel. Pale chini, ambapo kasi ni kubwa, kona ni pana, basi mwili hausukumwi kwa ghafula. Pale juu, ambapo kasi imepungua, kona ni fupi, na gari hupita upesi. Hata hivyo maumivu ya shingo, ya mgongo na ya kichwa hayajakwisha kabisa. Ndiyo sababu mlangoni huwekwa ubao unaowakataza wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, na wenye maumivu ya shingo au mgongo.

Ubao mwingine huonyesha kimo, na mtoto asiyefikia mstari hurudishwa. Wengi hudhani ni dharau kwa watoto. Sivyo. Kile chuma kinachoshuka mapajani au mabegani kimepimwa kwa mwili wa kadiri fulani. Mwili mdogo mno waweza kuchomoka chini yake. Mwaka 2011, katika jimbo la New York, mtu asiye na miguu aliruhusiwa kupanda rola kosta ambayo abiria wake huzuiwa kwa mapaja na miguu. Alitupwa nje, akafa. Chuma hakikuvunjika wala mkanda haukukatika. Waliompokea ndio walioshindwa kumwambia hapana.

Sasa nije kwenye vitu vidogo, maana nimeona kwamba misiba mingi mikubwa huanzia huko. Katika mji wa Edmonton, Kanada, ndani ya jengo kubwa la maduka, palikuwa na rola kosta iliyoitwa Mindbender. Tarehe 14 Juni, 1986, gari la mwisho la treni lilipoteza magurudumu yake. Liliyumba huku na huku, abiria wakarushwa nje, kisha likagonga nguzo. Watu watatu walikufa. Wachunguzi walipotazama waliona kwamba bolti za kushikilia magurudumu zilikuwa hazipo. Chombo kizima cha maelfu ya kilo, cha chuma kizuri, kiliharibiwa na bolti ambazo mtu huzishika kiganjani. Wahenga walisema kweli: mdharau mwiba mguu huota tende.

Bolti iliyokosekana mtu aweza kuiona akiinama. Lakini kuna ubovu usioonekana. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mara nyingi. Hakikatiki mara ya kwanza, wala ya tano; lakini mwisho hukatika, ingawa hukutia nguvu zaidi ya ile ya mwanzo. Mafundi husema chuma kimechoka. Ufa mdogo kama unywele huanza mahali fulani, na kila safari huuongeza kidogo. Katika uwanja wa Expoland, mkoani Osaka, Japani, ilikuwako rola kosta ambayo abiria wake walipanda wakiwa wamesimama. Tarehe 5 Mei, 2007, ambayo kwa Wajapani ni sikukuu ya watoto, ekseli ya gari moja ilikatika. Msichana mmoja alikufa na watu 19 walijeruhiwa. Ikajulikana kwamba ekseli hiyo haikuwa imebadilishwa kwa muda wa miaka 15, tangu chombo kilipojengwa. Serikali ikaamuru rola kosta za nchi nzima zikaguliwe, na uwanja wenyewe hatimaye ukafungwa kabisa mwaka 2009. Ufa wa namna hiyo haungoji kuonekana kwa macho. Huna budi kuifungua ekseli, kuisafisha, na kuipima kwa vyombo, kama vile unga wa chuma na sumaku, ambao hujikusanya penye ufa. Twasema siku zote, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa lazima kwanza uutafute ufa wenyewe.

Mwisho katika mambo ya mashine ni kuzuia treni mbili zisigongane. Wanaoijua reli ya njia moja wanafahamu kwamba treni haiingii katika kipande cha njia mpaka iliyotangulia imekwisha kutoka. Rola kosta zenye treni zaidi ya moja hutumia sheria iyo hiyo. Njia imegawanywa katika vipande, na mwisho wa kila kipande pana breki au mnyororo unaoweza kusimamishwa. Kompyuta huangalia, na kama kipande cha mbele kina treni, ile ya nyuma husimamishwa. Nyingi ya breki hizo zimetengenezwa kwa akili sana: springi huzifunga daima, na hewa yenye nguvu ndiyo huzifungua. Umeme ukikatika au hewa ikivuja, breki hujifunga zenyewe. Yaani chombo kikiharibika, huharibika kuelekea upande wa usalama.

Mtu aweza kuuliza, basi, ajali yatoka wapi tena? Jibu lipo katika habari ya Alton Towers, Uingereza. Huko mwaka 2013 ilifunguliwa rola kosta iitwayo Smiler, inayompindua abiria mara 14, nyingi kuliko nyingine zote duniani. Tarehe 2 Juni, 2015, palitokea kasoro, na mafundi wakatuma treni tupu kuijaribu njia. Treni hiyo haikuwa na nguvu ya kutosha, ikakwama bondeni, mahali ambapo mafundi hawakuiona. Kisha treni nyingine yenye abiria 16 ikapandishwa mlimani. Kompyuta ikaisimamisha juu, kwa sababu kipande cha mbele kilikuwa na treni. Ilifanya kazi yake barabara. Lakini mafundi walidhani kwamba kompyuta inakosea. Hawakuhesabu treni zote zilizokuwa njiani. Wakaipita amri ya kompyuta kwa mkono, wakaiachilia treni.

Abiria wale waliiona treni tupu mbele yao, wala hawakuweza kufanya neno. Watano waliumia vibaya, na wanawake vijana wawili kati yao kila mmoja alipoteza mguu mmoja. Waokoaji walifanya kazi zaidi ya saa nne kuwatoa wote, kwa kuwa treni ilikuwa imeinama hewani. Wakaguzi wa serikali walichunguza kila kitu. Njia haikuwa na kosa. Magari hayakuwa na kosa. Hata kompyuta ya kuzitenganisha treni haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika utaratibu wa kazi: mafundi hawakupewa maagizo mazuri ya kufuata wakati wa kasoro, wala haikuwekwa njia ya kuhakikisha kazi yao kabla abiria hawajaachiliwa. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni yenye uwanja ule faini ya pauni milioni 5, wala haikuwatupia mafundi lawama yote. Nami naona ilikuwa haki, maana anayemweka mtu kwenye swichi sharti amfundishe lini asiiguse.

Nisiwasahau wapandaji wenyewe. Mwaka 2008, katika jimbo la Georgia, Marekani, kijana mmoja aliruka nyua mbili akaingia chini ya rola kosta, mahali palipokatazwa, akagongwa na treni iliyokuwa ikipita, akafa. Wengine hujaribu kusimama au kulegeza chuma cha kuzuia ili waonekane mashujaa. Aliyejenga chombo alipima kila kitu kwa mtu aliyekaa sawasawa, amejiegemeza, kichwa kikigusa kiti. Mtu asiyekaa hivyo amejitoa mwenyewe katika hesabu zile.

Sasa narudi kwenye ubishi wa bwenini. Waliosema hapana hatari wamekosea, maana kilometa 71 kwa saa ni kilometa 71, iwe mchezo au si mchezo. Waliosema ni kumjaribu Mungu nao wamekosea. Mamilioni ya watu hupanda kila mwaka na kushuka salama, wala si kwa bahati. Ni kwa sababu asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, mafundi huikagua njia na magari, hutazama bolti, huituma treni tupu kwanza, kisha huandika majina yao katika daftari la ukaguzi. Hofu anayoinunua abiria ni ya kuigiza, na hubaki ya kuigiza maadamu fundi yule ana hofu ya kweli.

Wengine kati yetu mwakani tutakwenda vyuo vya ufundi. Huenda tusijenge rola kosta hata moja, lakini tutatengeneza mabasi, lifti, vivuko na mashine za viwandani, na watu watapanda vyombo hivyo bila kutujua majina. Tukumbuke Edmonton tunapokaza bolti, na Osaka tunapoambiwa ekseli bado yafaa kwa kuwa jana ilikwenda. Zaidi ya yote tukumbuke ile treni iliyosimamishwa mlimani pale Alton Towers. Mashine ilisema kweli, wanadamu hawakuisadiki. Taa nyekundu ikiwaka, na mkubwa wa kazi akatuambia ni uongo tu, tuwe na ujasiri wa kumwambia, "Ngoja, bwana, kwanza twende tukaangalie."